Jini Aliyeombwa Apumue

Alitawala zamani katika mji wa Kilimbani Sultani Mwinyi Shambe, na alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na kiapo kimoja kilichowasumbua raia zake. Nduguye aliuawa kwa njama zilizopangwa nyuma ya mlango uliofungwa, na tangu siku ile sultani akaapa kwamba ndani ya diwani yake, ukumbi wa hukumu, hapatakuwa na ukuta wala pazia, na atakayeweka atafukuzwa mjini. Basi mawaziri, makarani, wapima nafaka na kadhi wakaketi katika ukumbi mmoja, mkeka kwa mkeka, na kila mwenye shida akaisema mbele ya masikio yote, na ukimnong'oneza kadhi asubuhi, adhuhuri muuza maandazi anakupa pole. Ndivyo tulivyo watu wa Kilimbani, tunapendana mno hata hatuachiani siri.

Na palikuwa na yatima jina lake Mwana Tumu, aliyelelewa na ami yake, Mwinyi Kombo, kwa mapenzi ya binti wa kumzaa. Ami huyu akamtafutia mume, Bwana Saggafu, tajiri mpole aliyekula chumvi nyingi, wala hakujua kwamba moyo wa Tumu uko kwa Shaame, karani wa kadhi, naye Shaame akimpenda na asithubutu kusema. Ikafika siku ya kuulizwa ridhaa, na Kadhi Nasoro akamwambia, "Mwanangu, umeridhia kuolewa na Bwana Saggafu?"

Kalamu zote ukumbini zikasimama. Tumu akamtazama ami yake, akaona hawezi kumwambia hapana mbele ya mji mzima, na ada ya pale ni kwamba kimya cha mwari ni ridhaa. Kadhi akaliona chozi, na kwa kuwa alikuwa mzee wa huruma na ujanja, akasema, "Mwari ana kikohozi. Arudi kesho." Na Tumu hakuwa amekohoa hata kidogo.

Akarudi nyumbani, akalia juu ya mto wa usufi aliorithi kwa mamake, na kwa majonzi akawa anaufumua mshono, mara likatoka jini kubwa lenye usufi masharubuni, likapiga chafya na kusema, "Labeka, bibi. Mimi ni Hamhamu. Bwana wangu wa kwanza alinishonea humu kwa sababu pumzi zangu zina kelele. Amuru, nitii."

"Wanyamazishe watu wote wa diwani," akasema Tumu, "huenda nikapata ujasiri."

Masikini, hakujua aombalo. Kesho yake jini likabana pumzi na kuufunga ukumbi kwa kimya, hata tumbo la kadhi liliponguruma, bawabu mlangoni akamtakia afya. Tumu akafumbua kinywa, na kule kushusha pumzi tu kukafika kwenye kiti cha enzi, akafumba. Kadhi akamwambia kwa upole, "Kikohozi kimezidi, mwanangu. Lakini kesho hakitatufaa tena."

Akarudi akamgombeza Hamhamu, na jini likalia, na pumzi lilizozibana tangu asubuhi zikalitoka, shaa, shaa, mfano wa manyunyu juu ya makuti. Na Tumu akatega sikio, kwani chumba cha pili ami yake alikuwa akisema na mkewe, na alisikia kwamba wanasema, ila wanalosema halikumfikia.

"Hamhamu," akasema, "unaweza kupumua hivyo hivyo, polepole, asubuhi nzima?"

"Bibi," likajibu jini, na machozi yamelijaa, "tangu kuumbwa kwangu sijaombwa na mtu nipumue."

Siku ya tatu likajificha darini, likapumua. Makarani wakatazama juu wakidhani mvua, kisha wakazoea, na kila mmoja akabaki na kazi yake. Kadhi akainama, na Tumu akasema maneno aliyoyaficha moyoni, na Shaame aliyeketi mkeka wa pili asiambulie neno, akaona tu ndevu za kadhi zikitikisika kwa kicheko.

"Bwana Saggafu, nasibu yako iko pengine," akasema kadhi kwa sauti.

"Kwa nini?" akauliza ami.

"Siri ya mtungi aijuaye kata, Mwinyi Kombo. Binti anakupenda, hilo naruhusiwa kulisema."

Hapo sultani akanguruma, "Nani amejenga ukuta ndani ya diwani yangu?"

Tumu akapiga magoti. "Maulana, hapana ukuta. Sote unatuona. Ni maneno tu yamepata stara."

Sultani akasikiliza zile pumzi za darini. Kisha akamwita kadhi, akamnong'oneza kwa muda mrefu habari ya nduguye, na akafuta macho. Alilolisema silijui, na ningelijua nisingekwambieni.

Shaame naye akapata ujasiri chini ya pumzi zile, akaposa, na ami akakubali kwa furaha, na sultani akawapa shamba la minazi, na jini likapewa mto mpya, wa kukalia safari hii. Na siku ya ridhaa, kadhi alipouliza, Tumu akatazama darini akaweka kidole mdomoni, na Hamhamu likabana pumzi, na ukumbi ukanyamaza wote.

"Nimeridhia," akasema, na hata bawabu mlangoni akasikia.

Basi mwenye kutaka kweli ya mwenziwe na ampe stara kwanza. Mimi nimekwisha kusema, nanyi pumueni.