Kiboko na Njia Yake ya Mkato

Paukwa.

Pakawa.

Walioko nyuma wamemeza ndimi? Paukwa.

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, Kiboko na mkewe walikaa katika bwawa la mto, chini ya kilima. Kila jioni Kiboko alikwenda kilimani kula nyasi. Alikuwa mvivu wa kuzunguka. Alipanda wima, akashuka wima, njia ileile.

Mwaka mmoja kiangazi kikawa kirefu. Kiboko akala majani, akala mabua, akala hata mizizi. Kilima kikabaki kipara.

Ikanyesha mvua ya kwanza. Tope likashuka bwawani, likajaa chini, kina kikapungua, maji yakamfika Kiboko mabegani tu. Ikanyesha ya pili, yakamfika tumboni. Ikanyesha ya tatu, yakamfika magotini.

Mkewe alikuwa mjamzito. Akasema, "Mume wangu, wenzetu huzaa majini. Mimi nitazaa kwenye uji huu?"

Kiboko akatazama juu. "Wewe Mvua, mbona unatumwagia matope?"

Mvua akajibu, "Bwana Kiboko, huku kwangu hakuna hata konzi ya udongo. Nateremsha maji tu."

"Mwongo mkubwa wewe."

Pimbi, mkaaji wa mawe ya kilimani, alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, unagombana na mbingu bure. Lifuate tope mpaka linakoanzia."

Kiboko akalifuata. Chini ya kilima, tope. Katikati, tope. Kule juu akakuta korongo limeanza palepale kwenye njia ya mkato, na ukingoni pana nyayo nene za vidole vinne. Akaweka mguu wake juu ya wayo mmoja. Ukaenea sawasawa.

Akatazama kulia, akatazama kushoto, kama kuna aliyemwona. Pimbi alimwona.

Jamani, nyani haoni kundule, na siku ile Kiboko naye alikuwa nyani. Aliona haya, kisha akajicheka mwenyewe.

Tangu hapo akapanda kwa kuzunguka, leo akala huku, kesho kule. Njia ya zamani akaiziba kwa mawe na matawi. Nyasi zikaota. Mvua kubwa ikaja, ikapiga, ikashuka bila udongo. Mto ukajaa maji safi, ukazoa lile tope ukaenda nalo.

Mtoto akazaliwa majini, baba yake amefunikwa na maji mpaka masikioni, amejaa furaha. Wakamwita Masika.

Basi wanangu, tope likikufika mlangoni, usiitukane mvua kabla hujatazama ulikopita.

Ngano yangu inalala hapa. Aliyecheka ni wangu. Aliyenuna ana korongo nyuma ya nyumba yake.