Kipande Kilichoitwa Lekande

Mtu mmoja, jina lake Mrutu, alikuwa na shamba la mteremko huko milimani, lenye vipande vinne. Vitatu alilima maharage na tangawizi. Cha nne, chenye rutuba kuliko vyote, baba yake hakukilima, wala babu yake. Kiliota majani ya ng'ombe tu, nacho kiliitwa Lekande. Ukiuliza maana yake, watu walijibu, "Ndilo jina lake." Lugha ya kale ya mlima ule ilikuwa imebaki kwa wazee wachache, wengine waliijua kwa salamu na matusi.

Mwaka mmoja Mrutu alichoka kuitazama ardhi nzuri ikilala bure. Akashika jembe. Mkewe, Nakunda, aliyeolewa kutoka mlima mwingine, hakumzuia. Ila jina lile lilikuwa likimsumbua tangu siku ya kwanza alipolisikia. Akajifunga khanga, akapanda mwendo wa nusu siku hadi kwa shangazi ya mumewe, Nanzia, ajuza aliyekuwa haoni tena.

"Shangazi, Lekande ni nini?"

Nanzia akacheka. "Mmelimung'unya jina mpaka limebaki kokwa. Sisi tulisema *Mleke agende*. Mwache aende."

"Aende nani?"

"Maji, mwanangu. Hayaji kila mwaka. Lakini yakija, njia yake ni hiyo."

Nakunda aliporudi, nusu ya kipande ilikuwa imekwisha kupandwa. Chini yake, kando ya njia hiyo ya maji mpaka karibu na bonde, kulikuwa na nyumba sita. Mrutu alisikiliza habari ile akiwa ameegemea mpini wa jembe. Alikasirika, kwa kuwa kazi ilikuwa kubwa na udongo ulikuwa mweusi, laini. Hakula siku ile. Kesho yake aling'oa tangawizi, akarudishia majani, shina kwa shina.

Majirani walimcheka. Masika ya kwanza yakapita, mvua za kawaida. Ya pili yakapita, na mwaka huo Nanzia akafariki. Ya tatu yakapita pia, naye Mrutu akawa anakitazama kipande kile, kisha anamtazama mkewe.

Masika ya nne mvua ilinyesha siku tano bila kukoma. Alfajiri ya siku ya sita mlima ulinguruma. Maji yalishuka na mawe na miti mizima, yakaingia Lekande, yakapita yote, yakaenda zake bondeni. Mizizi ya majani iliushika udongo usiporomokee nyumba. Kulipopambazuka, nyumba sita zilikuwa zimesimama, na watu wake wako mlangoni wakihesabiana watoto.

Basi ninyi mnaonisikiliza: ni maneno mangapi ya waliotutangulia tunayatamka kila siku, na anayejua maana yake yu hai bado, nasi hatujapanda kumuuliza?