Kifaru Ahamia Bondeni

Paukwa!
—Pakawa!
Pakawa nini?
—Kilima!
Kina nini?
—Dhahabu!
Na chini yake?
—Kijito!
Basi sogeeni, na atakayesinzia tutamwosha kwa tope.

Bwana Kifaru alikaa juu, penye chemchemi. Bi Pimbi alikaa bondeni na watoto wake. Kifaru akachimba, ku! ku! ku! Chini kidogo ya chemchemi, vibarua wake wakaosha mchanga, chubwi! chubwi! Tope na dawa ya kunasia dhahabu vikateremka, chururu, mpaka mtungini kwa Bi Pimbi.

Watoto wakaumwa matumbo. Bi Pimbi akapanda kilima, roho juu.

"Bwana Kifaru, maji yanatuua!"

"Vumilieni, mama. Haya ndiyo maendeleo!"

Majani ya kijitoni yakakauka. Akapanda tena.

"Bwana Kifaru, hata majani!"

"Vumilieni, mama. Haya ndiyo maendeleo!"

Akashuka analia kwa hasira. Alipokuwa akimwogesha kitindamimba wake, akaona chembe inametameta kwenye manyoya. Machozi yakakauka papo hapo. Akapanda mara ya tatu, safari hii anachekacheka.

"Shikamoo, Bwana Kifaru. Nimekuja kushukuru."

"Marahaba. Kushukuru nini?"

"Dhahabu inayokuponyoka! Wewe unaosha, sisi tunaokota. Tazama, hii kaipata mtoto mchanga, hata kutambaa hajui. Tafadhali usihamie bondeni, baba, utatufilisi."

Kifaru macho yakamtoka pima. "Kumbe mnaniibia! Tokeni bondeni leo hii, nikae mimi! Ninyi njooni huku juu."

"Huku juu, penye chemchemi? Jamani, unatuonea!" Bi Pimbi akalia kwi! kwi! kwi! Watoto wake walikwishafunga mizigo.

Kifaru akahamia bondeni, akakinga domo lake kijitoni. Dhahabu kiduchu, tope tele. Akanywa, gugugu! Tumbo likajibu, ngurrr!

"Nani anachafua maji?" akanguruma.

Bi Pimbi akachungulia kutoka juu. "Ni mwenye mgodi! Vumilia, baba. Haya ndiyo maendeleo!"

Kesho yake Kifaru akachimba bwawa la kutuliza tope, akaipeleka ile dawa mbali na kijito, akapanda matete kwa pembe yake mwenyewe. Dhahabu ikaendelea kutoka, na maji yakanyweka.

Wakubwa husema tamaa mbele, mauti nyuma. Mimi nasema tamaa ni njema kabisa, mradi mwenye nayo akae chini ya kijito.

Ngano yangu imefika bondeni. Mwenye kiu anywe, na mwenye shaka ampe tajiri aonje kwanza.