Chungu cha Mto

Hadithi, wenzangu? Isogezeni karibu, tuisikie.

Alikuwako mfinyanzi, Mwanakheri, na kaka yake Dengu. Kwao, aliyechimba udongo mtoni alirudisha chungu cha kwanza majini. Mwaka mmoja Mwanakheri alimtuma Dengu akipeleke chake. Njiani akajikwaa, kikavunjika. Akanyamaza.

Mvua ikakatika. Watu wakasema, "Mwanakheri kaudhulumu mto. Basi aende yeye." Dengu alimwona dada yake akifungwa kamba, akarudi nyuma ya watu.

Wakamtupa mtoni. Zimwi la mto likaibuka, likamweka ukingoni. "Huyu sikumwomba."

Wakamtupa tena. Likamrudisha. "Jamani, hamna masikio? Mvua si yangu. Na chungu kikivunjika, nangoja kingine."

Wakamtupa mara ya tatu. Safari hii Mwanakheri alilishika zimwi mkono. "Babu, usinirudishe kwa hawa."

"Hata kwa kaka yako?"

Mwanakheri akageuka. "Kaka, una neno?"

Dengu akawatazama watu, akaitazama miguu yake.

Maji yakamfunika Mwanakheri polepole, kama mama anavyomfunika mtoto shuka.

Mvua ilikuja siku yake. Tangu hapo Dengu hufinyanga chungu, asubuhi akakitia mtoni, akaeleza yote kwa sauti, bila kuacha neno. Jioni hukikuta kimerudishwa ukingoni, kizima, kimeoshwa.

Ngano yangu nimeiacha hapo, karibu na vile vyungu. Anayepita asivikanyage.