Sange Aliyeuonja Uji wa Afande

"Nawaita!"
"Tumeitika!"
"Masikio mnayo?"
"Tunayo!"
"Basi yatoeni nta, maana namleta Sange, na Sange hasimuliwi kwa watu wanaosinzia."

Sange alikuwa kanyama kadogo, pua ndefu, maringo tele. Yeye na Afande Ngiri walikuwa walinzi ndani ya mwili wa Bi Kalunde, mfinyanzi wa vyungu. Kazi ya Ngiri ilikuwa kuwapiga wadudu wa maradhi. Kazi ya Sange ilikuwa kumwambia, "Afande, basi, inatosha."

Siku moja wadudu wakaisha, uchu wa Ngiri haukuisha. Akaona mishipa ya fahamu imevaa koti la mafuta, inang'aa. Na wadudu wa juzi nao walikuwa wanang'aa!
"Adui!" Akatafuna. Ngwafu! Ngwafu!
"Afande, hiyo ni mishipa yetu!"
"Nyamaza, kijitu we!" Ngwafu!

Huko nje vidole vya Bi Kalunde vikafa ganzi. Chungu kikamponyoka, pwaa!
"Mikono yangu jamani! Nitafinyanga na nini?"
Sange akasikia, moyo ukamuuma. Koti la mshipa wa mkono lilibaki kidogo tu, na likiisha, vidole ndiyo basi tena.

Sasa, walinzi wote walikunywa uji kabla ya zamu, na nguvu za Ngiri zilitoka humo. Asubuhi Sange akajiweka mbele ya bakuli la Ngiri.
"Afande, mkubwa kama wewe anakunywaje uji usioonjwa? Ukiwa na sumu je?"
Ngiri akavimba kichwa. "Kweli kabisa. Nionjee."
Sange akazamisha pua. Fyo! Fyo! Fyo!
"Una sumu?"
"Upande huu hauna. Ngoja upande ule." Fyo! Fyo! Fyo!
"Una sumu?"
"Juu hauna. Bado chini." Fyo! Fyo! Fyo! Bakuli jeupe!
"Hongera, Afande! Haukuwa na sumu hata tone."

Ngiri akaenda zamu na njaa. Akafungua mdomo atafune, taya likagoma. Akapiga mwayo, akaanguka puu, akakoroma.
Sange akaupaka mshipa mafuta mapya, taratibu, huku akijisifu, "Nani kama mimi? Hakuna!" Viraka vilionekana, lakini vidole vya Bi Kalunde vikachezacheza. Akashika udongo, akafinyanga chungu, kimepinda kidogo, akakiinua juu.
"Jamani, hiki nimekifinyanga mimi!"
Huko ndani Sange akatoa kifua mbele. "Nimekifinyanga mimi!"

Ngano nimeitua, mwenye mabega aibebe. Na funzo lake, wanangu, mlishike sana: uji wa mwenzio usiuguse kamwe, ila mwenzio akianza kutafuna mishipa ya watu!