Nani Awe Mguu wa Asteria?

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi kuongea na sungura, ni zamani hii ya juzijuzi ambayo baiskeli zilishaingia na watu walishaanza kuringa nazo, palikuwa na mji wa wakulima wa mpunga ukiitwa Mtonyela. Tegeni masikio vizuri, maana mwisho mtaulizwa, na anayesinzia ndiye atakayeanza kujibu.

Mtonyela ilikuwa na barabara moja, ya kutoka mabondeni kwenye mashamba mpaka kwenye mashine ya kukoboa. Miaka yote watu walipita humo humo, wa miguu, wa baiskeli, lori la mpunga, mbuzi na bata, kila mmoja akimtukana mwenzake, na maisha yakaenda. Mpaka siku mjumbe wao, Mzee Likoko, alipopatwa na maendeleo. Akaigawa barabara njia tatu kwa mawe yaliyopakwa chokaa. Akachora vibao vitatu kwa mkono wake mwenyewe, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Kibao cha kwanza, mtu kakalia baiskeli. Cha pili, mtu anatembea, mikono mitupu. Cha tatu, lori.

"Kila mtu ajijue yeye ni nani," akasema, "apite kwake."

Watu wakapiga makofi. Wa baiskeli ndio walipiga zaidi. Wiki ile ile wakaunda chama, wakashona fulana za kijani, wakaanza kuitana "mwendesha baiskeli mwenzangu", watu ambao jana yake walikuwa wakiitana "we mjinga we".

Sasa huyu Asteria. Mjane, mwembamba, mgongo kama upinde, mikono kama ya fundi seremala. Alikuwa na baiskeli nyeusi aliyoachiwa na mama yake. Miaka kumi na tisa alikuwa nayo, na miaka yote kumi na tisa hakuwahi kuipanda. Angepandaje? Gunia moja ubavu wa kulia, gunia moja ubavu wa kushoto, na la tatu, lile la lumbesa lililofura juu kama mimba ya mapacha, limekaa juu ya siti na keria, limefungwa kwa mpira wa tairi bovu. Siti ile ilijua mpunga, haikujua kitako cha mtu. Asteria alishika hendeli, akainamisha kichwa, akakokota. Kwenda na kurudi, masika na kiangazi, alishika hendeli, akainamisha kichwa, akakokota. Spoki ikilegea aliisikia kwa kiganja kabla haijalia. Na nusu ya wali uliopikwa Mtonyela, hata ule wa harusi za wenye kuringa, ulipita mikononi mwake.

Ikafika asubuhi moja ya mavuno. Mpunga umeinama, ndege wameanza kutua kwa makundi, na Asteria alikuwa amevuna pembe moja tu ya shamba. Akafunga magunia matatu ya kwanza, akashika hendeli, akainamisha kichwa, akakokota mpaka penye kibao cha kwanza.

Pale alisimama Kastori, mwenyekiti wa chama. Fulana imepigwa pasi, filimbi shingoni. Baiskeli yake inang'aa, haijawahi kubeba hata fungu la mchicha. Watu wanasema mkewe aliondoka kwa sababu baiskeli ililala ndani ya nyumba na yeye akalala ukumbini, lakini hayo si ya leo.

Kastori akapuliza filimbi. "Dada Asteria! Unakwenda wapi?"

"Mashineni. Ulidhani nakwenda kuchumbiwa?"

"Hii ni njia ya waendesha baiskeli."

"Na hii nini nimeshika, mbuzi?"

"Umeishika. Hujaipanda. Kibao kinasema aliyepanda. Wewe ni mkokotaji. Panda au pisha!"

Wale wa fulana za kijani wakacheka, wakazigonga kengele zao. Mpunga ulikuwa unamngoja Asteria, na aliye na mpunga shambani hana nafasi ya ugomvi. Akageuza mzigo, akashika hendeli, akainamisha kichwa, akakokota mpaka njia ya pili.

Pale akamkuta Fabiola na wanawake wa sokoni, beseni kichwani, wametanda njia nzima. Fabiola huyu na Asteria walichezwa unyago siku moja, wakala sahani moja. Gurudumu likamgusa kisigino.

"Mama yangu! We Asteria, umenitoa ngozi!"

"Samahani, shoga, nipishe kidogo tu."

"Nikupishe nini? Sisi huku ni wa miguu. Una magurudumu, nenda kwenye magurudumu!"

"Miguu yangu huioni, Fabiola? Natembea hatua kwa hatua kama wewe."

"Natembea na beseni mimi, sitembei na mtambo. Toka!"

Akatoka. Akashuka kwenye barabara ya lori, akashika hendeli, akainamisha kichwa, akakokota. Hakufika hatua ishirini, likaja lori la Mbwiga likitimua vumbi, likielekea mabondeni kupakia. Mbwiga akatoa kichwa dirishani.

"We mama! Una injini?"

"Sina!"

"Basi unafanya nini kwenye injini?" Akamwagia vumbi, akaenda zake.

Hapo Asteria alisimama. Vumbi machoni, vumbi mdomoni, vumbi mpaka kifuani. Akazitazama zile njia tatu. Zote tatu alikuwa amezipita kabla hazijawa tatu, na mama yake kabla yake. Hasira ikampanda kutoka nyayoni, ikapita magotini, ikapita tumboni, ikafika mikononi. Akarudi kwa Kastori. Akafungua mpira, akalishusha lile lumbesa likaanguka puu! kwenye miguu ya mwenyekiti.

"Unataka kitako juu ya siti?" akasema. "Haya. Kitazame vizuri, usije ukasema hukukiona."

Akakunja kanga, akapanda.

Jamani, mtu wa miaka arobaini na sita, hajawahi, na magunia mawili ubavuni! Pedeli ya kwanza, akayumba. Ya pili, akayumba. Ya tatu, baiskeli ikakumbuka kazi yake, ikaenda. Upepo ukamwingia kwenye mikono ya gauni. Wanasema Asteria alicheka. Wanasema tangu azikwe mumewe hakuna aliyekisikia kicheko kile, na siku ile kilisikika mpaka mashineni.

Nyuma yake Kastori akaona aibu inamjia, maana wenzake walishaanza kumshangilia mama. Akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote, akapayuka, "Simama! Kukalia siti si kuwa mwendesha baiskeli! Simama!"

Kufika kalvati la mfereji, pale ambapo njia ya baiskeli na ya miguu zinakaribiana, Fabiola alikuwa katikati, kageuka kutazama kelele. Akamwona Asteria anakuja. Alikuwa na nafasi ya kusogea. Akaweka mkono kiunoni. "Sisogei," akasema. "Apite juu yangu kama ni mwanamke."

Asteria hakujua breki iko wapi. Miaka kumi na tisa breki yake ilikuwa visigino. Akakata kona kumkwepa Fabiola, akaangukia barabara ya lori. Na lori lilikuwa linarudi. Mbwiga akamwona. Akapiga honi ndefu, akangoja apishwe, kama alivyozoea kupishwa. Mguu wake ulipoikumbuka breki, mguu wa Asteria ulikuwa umekwisha vunjika.

Sasa sikilizeni sheria ya Mtonyela. Haikuandikwa popote, lakini hata mlevi aliijua. Avunjaye mguu wa mtu, yeye ndiye mguu wake mpaka mwenyewe asimame. Amvunie, ambebee, amfukuzie ndege, ampeleke hata chooni. Na lazima awe mtu mmoja. Walishajaribu wawili, miaka ya nyuma, huyu akamngoja yule, yule akamngoja huyu, na mpunga wote ukaliwa na ndege. Mguu mmoja, mtu mmoja.

Siku ya pili watu wakajaa uwanjani penye mashine. Asteria akaletwa juu ya kitanda cha kamba, mguu umefungwa banzi za mianzi, uso umemvimba kwa hasira zaidi kuliko kwa maumivu. Shamba lake lilionekana kutoka pale, na juu yake ndege kama moshi. Siku tatu, kila mkulima alihesabu mwenyewe. Baada ya siku tatu hapatakuwa na cha kuvuna, na mjane huyo hakuwa na kingine cha kula mwaka mzima.

Mjumbe Likoko akakaa kwenye kiti. "Kastori, sema."

"Mzee mjumbe, mimi nilimpa mambo mawili, apande au apishe. Alichagua mwenyewe. Halafu yule si mwenzetu. Mizunguko kumi ya pedeli! Mtu akiingia baharini mara moja ni mvuvi? Ni mkokotaji, mkokotaji anatumia miguu, na wa miguu ni watu wa Fabiola. Wambebe wao."

"Sisi?" Fabiola akaruka. "Sisi tuna baiskeli? Wakati anakuja alikuwa juu ya siti, macho yote yameona! Aliyepanda baiskeli ni wa baiskeli, hata kama kapanda jana. Mimi nilisimama kwenye njia yangu. Tangu lini kusimama kukavunja mguu?"

"Ulisimama kwa makusudi!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Na wewe ulikaa kwa makusudi, ulimsaidia nini?"

Mbwiga akavua kofia. "Wazee wangu, lori lilikuwa kwenye kibao cha lori. Nilipiga honi. Yeye ndiye aliyekuja kwangu, mimi sikumfuata."

"Na ulikuwa unatazama wapi?" mwanamke mmoja akauliza, na wanawake wote wakaguna, maana pale kalvati pana nyumba yenye pazia la maua, na Mbwiga hapiti pale bila kupunga mkono.

"Nilitazama mbele," akasema Mbwiga, na masikio yake yakambadilikia rangi.

Wakarudia. Kastori akasema ni wa miguu. Fabiola akasema ni wa baiskeli. Mbwiga akasema vyovyote alivyo, si wa injini. Wakarudia tena, sauti zikapanda, kama watu wanaosukumiana mtoto mchafu, kila mmoja akimtupia mwenzake, na mtoto mwenyewe yuko pale anasikia.

Asteria akajiinua kwa viwiko.

"Nyamazeni!"

Vichwa vyote vikageukia kitanda.

"Miaka kumi na tisa nawaletea mpunga. Kuna aliyewahi kuuliza umeletwa na mwendesha au mkokotaji? Wewe Kastori, ulikula wali wangu kwenye harusi yako, uliuliza? Unasema mimi si mwendesha baiskeli. Siku za tope nani humbeba mwenzake begani, wewe au ile baiskeli yako? Tumekuona! Baiskeli ndiyo inakupanda wewe!"

Watu wakaangua kicheko. Asteria hakucheka.

"Fabiola, tulilia pamoja tukiwa wasichana. Hatua moja tu ungesogea. Moja! Mbwiga, mkono uliokuwa unapunga ndio ungeshika usukani. Mnagombana mimi ni nani. Mimi ni Asteria! Jana mlinifukuza kote kwa sababu si mwenzenu, leo mnanikataa wote kwa sababu ile ile, na kule ndege wanakula!"

Mjumbe Likoko akakohoa. "Binti yangu, taratibu. Nitaamua."

"Utaamua nini, baba? Simama twende kwenye vibao vyako. Nioneshe picha yangu! Nioneshe mama anayekokota. Ulikaa siku mbili unachora, na mimi nilipita mbele yako mara nne na mzigo, nikakusalimia shikamoo, ukaitikia marahaba bila kuinua macho. Ulichora mpaka taa za lori. Mimi hukunichora. Wewe naye uko kwenye kesi hii, baba. Na mshitakiwa hahukumu."

Mzee Likoko akatazama mikono yake, bado ina rangi kwenye kucha. Akasimama polepole kutoka kwenye kile kiti, akaenda akakaa chini, kwenye mstari mmoja na Kastori, Fabiola na Mbwiga.

Kiti kikabaki kitupu. Asteria akageuza uso, akatazama shamba lake. Kundi jingine la ndege likatua.

Basi hakimu hayupo, na siku tatu ndizo hizo, moja imekwisha tukiwa tunaongea. Kuna aliyemwambia apande kisha akampigia filimbi kwa sababu amepanda. Kuna aliyekuwa na hatua moja ya kusogea akainyima. Kuna aliyeona, akapiga honi badala ya kukanyaga breki. Na kuna aliyechora dunia nzima akamsahau anayeilisha. Mguu ni mmoja, mtu ni mmoja, na msiseme wote wanne, maana ndege hawangoji.

Haya, wewe uliyekuwa unasinzia, inuka ukakae kwenye kile kiti. Je, nani awe mguu wa Asteria?