Nani Amshike Kichwa Bi Mafunda

Sogeeni karibu, na mwenye roho nyepesi akae mlangoni, maana hadithi hii haimhurumii mtu.

Palikuwa na watu watatu. Makame alikuwa na koo la ajabu: akimsikia mtu mara moja, humwiga mpaka mke wa mtu huyo akaitika. Kombo, mkwezi wa minazi, alikuwa na mikono isiyoogopa kisu. Na Time alikuwa na kumbukumbu. Akiambiwa jambo halimtoki. Mumewe, Faki, alimwambia, "Narudi baada ya Idi," akapanda meli. Miaka minane ikapita bila barua.

Time akabaki na mama mkwe, Bi Mafunda, ambaye macho yake yalikwisha kuzima. Asubuhi moja bibi akasukuma bakuli la uji. "Sili tena mpaka mwanangu arudi." Siku ya tatu midomo ilikuwa imekauka, na Time akaona kuwa mama huyu anakufa kweli.

Akamwendea Makame, jirani aliyekua pamoja na Faki. Makame akaketi kitandani, akasema kwa sauti ya Faki, "Mama, nimerudi." Bibi akalia, akala. Kwa miaka mitatu Makame alikwenda kila asubuhi kuwa Faki, hata sauti yake mwenyewe ikampotea. Wanawe walimcheka akiwaita.

Lakini sauti haikutosha, ilitaka maneno, na maneno yalikuwa ya Time. Alimfundisha Makame yote aliyosimuliwa na mumewe: jina la mbuzi aliyekufa, kofia iliyoibwa madrasa, pete ya mama aliyoificha ndani ya pipa la mchele akiwa na miaka saba. Time mwenyewe alikuwa amekwisha kudai talaka kwa kadhi ili aolewe na Kombo. Akaenda kuyafuta madai yake, kwani mume "amerudi".

Ukabaki mkono. Bibi alitaka kuushika, na Faki hakuwa na ncha ya kidole kidogo cha kushoto tangu utoto. Makame alikuwa na vidole vyote.

"Mwambie ana jipu," Kombo alisema.

"Jipu hukaa miaka mingapi?" Time akamjibu.

Kesho yake Kombo alikuja mkono umefungwa kitambaa. Kidonda kilipopona, Makame akawa anazungumza, Kombo anashikwa mkono, na Time anamtazama mwanamume aliyejikata kwa ajili yake akiitwa Faki.

Kisha Faki mwenyewe akarudi, sauti imeliwa na sigara. "Mama, ni mimi."

Bibi akakipapasa kidole. "Waliokatika vidole ni wengi. Pete yangu uliificha wapi?"

Faki alifikiri. Akamtazama mkewe. Time alikuwa pale pale na ungo mapajani, anachagua mchele. Akainamisha kichwa, akaendelea kuchagua.

"Sikumbuki, mama."

"Mtoeni mwizi huyu," bibi akasema. "Mwanangu ndiye atakayenishika kichwa kaburini. Huyu asiniguse."

Siku tisa Faki alilia barazani. Time alimpelekea chakula bila neno. Mwanzo aliona raha, halafu akaona aibu, na bado hakusema.

Siku ya kumi bibi akafariki. Kaburini hushuka watatu, lakini mmoja tu hukaa upande wa kichwa, akafungua kamba ya sanda na kulaza shavu la maiti juu ya udongo. Pale ni pa mtoto. Wanaume wale watatu wakapasogelea.

"Kanizaa mimi," alisema Faki.

"Kila alipoita mwanangu, niliitika mimi," alisema Makame, kwa sauti ya Faki, maana hakuwa na nyingine.

Kombo aliinua mkono tu.

Jeneza likawekwa chini juani, akatumwa mtu kwenda kumwuliza Time, kwa kuwa ndiye aliyeyahifadhi maneno ya bibi.

Time alikuwa nyumbani akisuuza vyombo alivyomwoshea maiti, mikono ingali na maji. Akimtaja Faki, amevunja wosia wa marehemu. Akimtaja Makame, mtoto atazuiwa kumzika mamake kwa sababu mkewe alimbania neno moja. Akimtaja Kombo, watu watasema amempa hawara kaburi la mama mkwe. Mjumbe amesimama mlangoni, na maiti haiwekwi juani.

Haya, nyinyi mliokwisha kumlaani na nyinyi mliokwisha kumlilia: lau ungekuwa wewe Time, ungemtaja nani?